Wapi mjini wana mashine ya kusomea chipu ya paka?

BintiMbweni
Assalam aleykum wanabaraza, nna suali na naomba msinicheke.

Tumehamia nyumba ya kupanga huku Mbweni, mwezi wa pili sasa, na tangu wiki ya mwanzo kuna paka dume rangi ya machungwa anaingia kila alfajiri dirisha la jikoni, akishaingia anapanda juu ya jiko la gesi analala kama pahala pake pa siku zote. Si paka wa jaani huyu nakuapieni. Manyoya yanang'ara, hakwaruzi watoto, na dagaa hali, ukimtilia dagaa anakutizama usoni kama umemtukana, mpaka umchemshie kibua umtoe na miba. Watoto washampa jina la Urojo kwa ile rangi yake na hapo ndo tabu ilipo, kila nikisema huyu ana wenyewe wanalia.

Majirani wa pande zote mbili nshawauliza hakuna anaemjua. Sikio lake la kushoto limekatwa ncha, tena limekatwa sawasawa kama kwa mkasi, si la kupigana. Binamu yangu alieko Marekani kaniambia basi huyo ana chipu, kile kijidude chenye namba anachotiwa mnyama chini ya ngozi, na kwamba huko baadhi ya miji wameweka visanduku nje barabarani, ndani mna mashine ya kusomea, usiku au mchana mtu yoyote alieokota mbwa au paka anafungua, anampitishia, anapata namba, hana haja ya kungojea dokta afungue kesho.

Sasa masuali mawili. Wapi hapa mjini wana hiyo mashine? Na sie tukiweka kisanduku kimoja tu, tuseme Darajani au Mwanakwerekwe, kitafaa au ndo siku ya pili kishauzwa?

MzeeWaBaraza
Waleykum salaam mwanangu. Mie nimezaliwa Kikwajuni nimezeekea Kikwajuni na paka nnawajua. Huyo hakupotea, kakuchagua. Paka wa Unguja ana nyumba tatu, moja ya kula, moja ya kulala na moja ya kuzalia, sasa wewe umekuwa nyumba ya kula unataka kumpimia mashine!

Zamani mbuzi akipotea unakwenda kwa sheha na kwenye baraza ya kahawa, jioni habari imefika. Mashine ya nini? Na kisanduku Darajani hakikai, nakwambia mapema, bora hata kile kifuniko chake kitafanywa sinia ya kuuzia njugu.

dokta_wa_shamba
Mie si dokta kamili jamani jina tu hilo, ni msaidizi wa mifugo, lakini hapa pana jambo lazima niliseme maana watu wengi wanalichanganya.

Sikio lililokatwa ncha SI alama ya chipu. Ni alama kwamba paka kashahasiwa. Anakatwa wakati bado yumo kwenye usingizi wa dawa, ile siku hiyo hiyo ya operesheni, ili wale wanaokamata paka wa mitaani wakimuona kwa mbali wasimkamate tena bure wakampasua mara ya pili. Kwa hiyo dada yangu unachokijua mpaka sasa ni kwamba kuna mtu alimpeleka kuhasiwa, basi. Chipu anaweza kuwa nayo na anaweza asiwe nayo, kwa nje huijui, ukimpapasa ndo mara chache unaihisi kama punje ya mchele chini ya ngozi.

Skana, ile mashine ya kusomea, wanazo baadhi ya madokta wa binafsi mjini na wale wanaohudumia wanyama wa wageni, piga simu kwanza usiende na paka wako kwenye tenga ukakuta mashine haina chaji. Na ukifika mwambie asome taratibu. Nimeshamuona mtu anapitisha skana mara moja kama anapiga pasi kanzu, anasema haina. Inatakiwa uanzie katikati ya mabega, skana karibu iguse manyoya, uende polepole kwa kupinda pinda, halafu shingo, halafu mbavu pande zote mbili, halafu ushuke miguu ya mbele mpaka kwenye kiwiko, maana chipu huhama. Anachomwa baina ya mabega lakini miaka ikipita unaikuta ubavuni au mguuni. Ukosi wa chuma uvue. Na ukikosa mara ya kwanza rudia, geuza na skana yenyewe.

shoga_wa_Jangombe
Kwani simu haisomi? Simu zetu hizi zinasoma mpaka kadi ya benki ukiigusisha.

Na hiyo chipu inaonesha mtu yuko wapi? Nauliza kwa ajili ya mume 😂

FundiRedioFuoni
Haisomi shoga, na mume hutompata.

Simu inasoma vitu vya 13.56 megahazi, chipu ya mnyama ni 134.2 kilohazi, mbali kabisa. Ni sawa na kutafuta stesheni ya FM kwenye redio ya mbao ya babu. Na ile si GPS. Haina betri, haina laini, haitumi kitu. Ni kichupa cha kioo urefu kama milimita 12 upana 2, ndani mna waya wa shaba mwembamba kuliko unywele umezungushwa koili na pembeni yake kijichipu. Imelala tu. Skana ndo inatoa umeme wa sumaku, ile koili inaamka, inajibu namba yake ya tarakimu 15, skana ikiondoka inalala tena. Ndo maana inadumu umri wote wa mnyama, hakuna cha kwisha ndani yake. Lakini ndo maana pia lazima uikaribie, vidole vichache tu, ukienda mbali huisikii.

Angalizo kwa wanaotaka kununua skana onlaini. Hakikisha imeandikwa ISO 11784 na 11785, hizo ndo kanuni za dunia za chipu za wanyama. Chipu za zamani za Marekani ziko ambazo ni 125 au 128 kilohazi, skana ya bei poa haizioni kabisa, unamwambia mtu mnyama wako hana chipu na kumbe anayo. Hapa kwetu nyingi zitakuwa za ISO lakini mji wa wageni huu huwezi kujua mtu kaja na paka wa wapi.

Tukija kwenye kisanduku cha BintiMbweni. Mie wizi siuogopi sana. Naogopa chumvi. Kitu chochote cha elektroniki ukikiweka nje hapa mjini, hasa kuelekea baharini, mwaka hauishi soketi imeota kijani. Nimefungua maredio na viyoyozi vya mahoteli nnajua ninachokisema, screw mpya ya chuma unaitia Ramadhani ikifika Mfungo Tatu haifunguki. Halafu chaji, umeme ukikata siku mbili skana imelala na mtu kasimama pale kashika paka saa nne usiku. Kwa hiyo mie nasema ndani, sio nje. Mahala pana mtu.

MzeeWaBaraza
Mahala pana mtu ndo kwa sheha, nilisema nini mie.

aliekoMiltonKeynes
Salaam kwenu kutoka kwenye baridi. Naona nichangie kidogo maana huku jambo hili ni sheria. Mbwa wote lazima wawe na chipu tangu Aprili 2016, na paka hapa England tangu tarehe 10 Juni 2024, ukikutwa paka wako hana unapewa siku 21 umtie, ukikaidi faini mpaka pauni 500. Mie nna paka mmoja, mke wangu ndo wake mie nalipa tu.

Lakini nikwambieni kitu ambacho binamu wa BintiMbweni hakumwambia. Chipu haina jina lako ndani. Haina simu yako. Ina namba tu. Jina na simu ziko kwenye databezi, yaani daftari la kwenye kompyuta, na databezi si moja, ziko nyingi, kila kampuni na yake. Sasa paka wetu alipotea mwaka juzi siku 9, akaokotwa siku ya pili tu, akasomwa, namba ikapatikana, wakapiga simu... ikaita kule London kwa mwenye nyumba wa zamani wa rafiki yake mke wangu, maana mke wangu alipomchukua paka kwa rafiki yake huyo hakuna aliebadilisha jina. Siku saba zote zile ni za kumtafuta mtu aliemjua mtu. Chipu ilikuwa nzima, kosa letu lilikuwa kwenye karatasi.

Sasa fikirieni kwetu ambako mtu ana laini tatu na kila Idi anabadilisha namba.

mpemba_halisi
Nyinyi watu wa Unguja mna raha, paka wa kuchemshiwa kibua!

Mie nilete la mbwa maana mada inaruhusu. Huku Pemba mbwa wa nyumbani si wengi kama mnavyoona bara, dini unaijua, lakini wapo wa kulinda mashamba na kufukuza kima, na wanatembea wenyewe. Kichaa cha mbwa tulikuwa nacho, zikaja kampeni za chanjo kisiwa kizima kuanzia 2010 huko, kila mwaka, mpaka 2014 kikakatika kabisa. Watu wakapumzika, chanjo zikalala, mwisho wa 2016 kikarudi, na kilirudi kutoka nje ya kisiwa, mara mbili mbalimbali, wataalamu walikuja kuvipima mpaka virusi wenyewe wakaona si wa hapa. Ikabidi wachanje tena kisiwa kizima mpaka 2018 ndo ikaisha.

Sasa mie nikipewa skana moja tu siiweki sokoni wala kwa sheha. Naiweka bandarini, Mkoani au Wete. Mbwa anaeshuka na boti asomwe, namba iandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe ya chanjo. Paka wa jiko la gesi atajijua.

dokta_wa_shamba
Mpemba kasema neno. Ila tukumbuke chipu si chanjo, kuna watu wanadhani mnyama akishachomwa chipu basi kashakingwa. Namba tu ile. Chanjo ni lazima iandikwe pembeni kwenye kitabu chake, na vitabu vinapotea, ndo faida ya namba, angalau unajua kitabu hichi ni cha mbwa huyu.

BintiMbweni
Jamani nimerudi, nimeenda. Nimemtia Urojo kwenye tenga la kuku, kanga juu, gari ya Mbweni mpaka mjini, kalia njia nzima konda akataka kutushusha. Dokta mmoja wa kwanza (simtaji) alimpitishia skana mara moja mgongoni hivi akasema hana, nipe changu uende. Nikamwambia ami samahani naomba usome na miguuni. Kanitizama. Kasoma, na wallahi pale kwenye kiwiko cha mkono wa kushoto ikalia TIT. Dokta_wa_shamba Mungu akupe umri.

Tarakimu 15, inaanza na 9. Sasa nifanye nini nayo? Dokta mwenyewe kaniandikia kwenye kijikaratasi cha dawa kaniambia kaitafute kwenye intaneti.

FundiRedioFuoni
Tarakimu tatu za mwanzo ndo zinasema. Ingekuwa 834 ungejua ni ya Tanzania, 826 ya Uingereza. Ikianza na 9 ndo namba ya kiwanda kilichotengeneza, si ya nchi, haikwambii mwenyewe yuko wapi. Usiiweke namba nzima hapa barazani, asije mtu akadai paka wake.

aliekoMiltonKeynes
Fundi yuko sahihi. BintiMbweni, jaribu kurasa mbili. Marekani kuna ya AAHA, chama cha hospitali za wanyama, unaingiza namba inakwambia chipu imeandikishwa kwenye databezi gani, haitoi jina la mtu. Kwa Ulaya kuna Europetnet, kazi ile ile. Mtu anaechipu paka Zanzibar mara nyingi ni mgeni aliekuwa anataka kuondoka nae, anza na Ulaya.

shoga_wa_Jangombe
Mie nshakaa na kahawa yangu nangojea, endelea.

BintiMbweni
Imepatikana!! Europetnet wamesema iko TASSO, kumbe Ujerumani wana daftari lao kubwa kujiandikisha bure. Nikawaandikia kwa kile Kiingereza changu cha skuli, wakajibu kwamba wao namba ya mtu hawatoi ila watampelekea yeye habari. Sawa. Siku ya pili usiku naona ujumbe wa wasap namba ya nje, mama mmoja wa Kijerumani, anaandika Kiswahili kizuri kuliko changu na kaleta picha: Urojo kalala juu ya jiko. JIKO HILI HILI. Vigae vile vile vya buluu nyuma.

Alikaa nyumba hii miaka minne. Alitaka kuondoka nae, akamchipu, akamchanja, maana kwao sheria ni chipu kwanza chanjo baadae, ukichanja kabla ya chipu haihesabiwi. Halafu mnyama anaetoka Tanzania anatakiwa apimwe damu kuona chanjo imeshika, isipungue siku 30 baada ya sindano, na kutoka siku ile ya damu angoje miezi mitatu ndo aruhusiwe kuingia. Damu ilishatolewa, wakamwita kazini kwao ghafla, miezi mitatu bado. Akamwacha kwa mpishi wake, Kiembe Samaki, alimwachia na pesa ya samaki. Kule TASSO jina likabaki lake yeye.

Paka jina lake la kwanza Karl. Mpishi na watoto wake wanamwita Kali.

MzeeWaBaraza
Paka mpole namna ile wakamwita Kali. Na kutoka Kiembe Samaki mpaka Mbweni kenda kwa miguu, mwana wa paka yule. Nilikwambia hakupotea, kenda kwao.

mpemba_halisi
Kwa hiyo chipu imekwenda mpaka Ujerumani ikarudi Kiembe Samaki, na kwa gari ni dakika ngapi tu 😂

BintiMbweni
Cheka tu. Lakini ndo ilivo. Mpishi wa watu alikuwa kashamtafuta wiki sita. Alikwenda kwa sheha wake wa Kiembe Samaki akaandikisha, mie nikenda kwa sheha wa huku nikaandikisha, na masheha wawili wale hawana habari moja na mwenzake. Ami Mzee, daftari la sheha linaishia kwenye mpaka wa shehia, paka haujui mpaka.

MzeeWaBaraza
Hilo nimelikubali, nimenyamaza.

FundiRedioFuoni
Basi mie nikaona tusianze na visanduku. Skana moja nzuri, ikae sehemu ndani yenye mtu mpaka usiku, mie naona duka la dawa la mifugo, au hata pale maskani kwetu Fuoni tuna kabati la kufuli. Na daftari moja tu, sio kumi. Namba ya chipu, simu ya mwenyewe, simu ya pili ya mtu mwengine wa nyumbani, jina la mtaa, na tarehe ya chanjo kama alivosema Mpemba. Kila mwaka siku mnyama anakuja kuchanjwa mnasoma chipu tena na kumuuliza mtu, simu bado ni hii? Akimpa mtu mwengine paka, anakuja kubadilisha. Skana mie naitunza bure, chumvi naijua. Daftari simo, mie mwandiko wangu hata mie siusomi.

dokta_wa_shamba
Daftari nipeni mie. Ila masharti, simu ya mtu haitolewi kwa alieokota, mie ndo nnampigia mwenyewe, kama walivofanya wale wa Ujerumani. Hapa kuna watu wanaokota paka wa mzungu ili waombe zawadi.

shoga_wa_Jangombe
Na wasio na chipu? Maana paka wangu watano wote hawana hata sikio la kukatwa.

dokta_wa_shamba
Njoo kwanza tuwahasi, watano kesho ni kumi na tano. Siku hiyo hiyo wakiwa wamelala sindano ya chipu hawaisikii, ile sindano yake nene kidogo kuliko ya chanjo. Usipoweza chipu, basi ukosi wa kitambaa na namba ya simu kwa wino usiotoka. Haudumu lakini jirani anausoma bila mashine.

BintiMbweni
La mwisho halafu nimemaliza. Jumamosi mpishi alikuja kumchukua. Kaja na kikapu cha ukindu, alipomwita tu "Kali" yule paka kashuka kutoka kwenye jiko mwenyewe, kenda kumsugua miguuni, mie nikaona basi ushahidi ushatimia. Watoto walilia mpaka wakalala. Yule mama wa Kijerumani tushamwelekeza, kaingia TASSO kaongeza simu ya mpishi, na mie kaniomba aniweke nambari ya pili, nimekubali.

Leo Jumatano, saa 11 alfajiri nnaingia jikoni kutia maji ya chai, kalala juu ya jiko. Nimempigia mpishi, kanijibu kwa usingizi, "Mchemshie kibua, mchana namfata."